Geji ya Thadeus

Madereva wa malori wanaopita hapa Voi wamempa Thadeus Mwandawiro jina la Mchungaji, na hawakumpa kwa heshima. Simamisha lori mbele ya kibanda chake jua likiwa la utosi, umwambie akupunguzie upepo kwa sababu matairi yamepata moto tangu Mackinnon Road, uone kama hatakukatalia. Atakuambia uzime injini, ukae, unywe chai ya Mama Elsie mpaka matairi yapoe yenyewe. Mama Elsie ni mimi na chai ni yangu, kwa hivyo sitajifanya kwamba mahubiri hayo yananiudhi.

Jambo la pili linalowakera ni geji, kile kipimo cha upepo. Mafundi wengine wa barabara hii wakishajaza tairi hulipima, hulipiga teke, wakakuambia safari njema. Thadeus hapimi mbele ya mwenye gari. Anajaza, halafu anakunyoshea geji na kusema, "Pima mwenyewe." Dereva mwenye haraka huona amefanywa tanboi, yaani utingo, wa gari lake mwenyewe, naye humtolea maneno ambayo sitayarudia. Thadeus humwacha aseme. Anangoja tu, mkono umenyoshwa.

Watu wa Kaloleni, mtaa wetu hapa Voi, husema hayo ni maringo ya mtu aliyewahi kushika matairi ya ndege. Nimechoka kuwasikia. Hayo si maringo, ni aibu, nami nilimwomba ruhusa niisimulie. Alisema nisimulie mimi.

Thadeus alishuka kutoka Wundanyi akiwa kijana, miaka ile bendera ya uhuru ilipokuwa bado mpya, akaja kufundishwa kazi na mzee mmoja Mkamba aliyeitwa Kimeu, aliyekuwa na kibanda cha pancha karibu na stesheni ya treni. Kimeu alimfundisha yote aliyoyajua juu ya tairi, na moja kati ya hayo lilikuwa uongo. Wala mzee hakudanganya kwa kusudi. Sote tuliamini vile. Joto la huku mnalijua. Lori likitoka pwani, likafika Maungu lami inanata, dereva anaona matairi yamevimba na kukaza. Basi anasimama Voi, fundi anabonyeza ncha ya valvu kwa msumari, upepo unafuka kidogo, dereva anashukuru na kuondoka. Hakuna aliyejua kwamba joto ndilo lililovimbisha, na kwamba joto likitoka, tairi lililopunguzwa upepo linabaki limelegea, na tairi lililolegea hujikunja likienda, hupata moto zaidi kuliko mwanzo. Likipasuka huko mbele, karibu na Manyani, tulilaumu jua.

Thadeus alifanya hivyo kwa miaka mingi mpaka kidole gumba chake kikazoea kazi hiyo bila yeye kukituma. Alimuoa binamu yangu Wakesho, akajenga Kaloleni, akaimba besi katika kwaya. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye utani mwingi na nguo chafu.

Kisha ndege kubwa za watalii zikaanza kutua Mombasa. Kampuni moja ndogo ya ndege, ambayo imeshakufa na jina lake tuliache lilale, ilitaka watu wa kushughulikia magurudumu, na mpwa wa Kimeu aliyekuwa akifagia ofisini kwao akamtaja Thadeus. Alipopata kazi ile Kaloleni tulivimba vichwa. Alirudi mwisho wa mwezi na suruali yenye mkunjo, kanisani akapishwa benchi la mbele, na watoto wakamuuliza kama ndege ina spea. Hata mimi, niliyekuwa nikimwita mzee wa grisi, nilianza kumtengea kikombe chenye sahani.

Msimamizi wake huko alikuwa Zephaniah, mtu mkali wa maneno machache. Siku ya kwanza alimpeleka chini ya bawa, akamwonyesha matairi, akamwambia sheria iliyo mbele ya sheria zote: tairi moto haiguswi. Ndege ikitoka kutua, geji itasoma juu, na hilo ni joto. Acha ipoe, kisha upime. Thadeus alikubali kwa kichwa. Moyoni, aliniambia, alicheka kidogo, maana alijiona ametoka mahali ambapo watu wanajua joto.

Marubani wa kampuni ile hawakuwa na habari na kibanda cha magurudumu, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Kapteni Musyimi, mtu wa Machakos, mrefu, mpole, na mmoja wa Waafrika wachache waliokaa kiti cha kushoto, kile cha rubani mkuu, siku hizo. Alikuwa akija mwenyewe, amevua kofia, kuangalia matairi aliyotoka kutua nayo. Yeye ndiye aliyemfungua Thadeus macho. Alimwambia kwamba gurudumu la ndege huko juu limetulia tuli, halizunguki, halafu kwa kufumba na kufumbua linagusa lami na kutakiwa likimbie sawasawa na ndege yenyewe. Ule moshi ambao watu huuona ndege ikitua ni mpira unaoungua kabla tairi halijaanza kuzunguka. Basi kila rubani, kwa namna anavyotua, anaandika mkono wake kwenye tairi.

Thadeus alijifunza kuusoma mwandiko huo na akaupenda. Kulikuwa na rubani mmoja ambaye abiria walimpigia makofi kwa sababu alitua bila wao kusikia kitu. Aliibembeleza ndege juu ya lami mpaka sehemu kubwa ya njia ikawa imekwisha, halafu alilazimika kukanyaga breki kwa nguvu zake zote, na matairi yake yalirudi na madoa bapa, yamekwanguka mpaka nyuzi zinachungulia. Mwingine hakuinyosha ndege vizuri upepo ukivuma kutoka ubavuni, na ya kwake yalilika upande. Ya Musyimi yalikuja yamelika sawasawa pande zote. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alitua pale alipokusudia, ndege ikakaa chini, abiria wakajua wamefika. Mvua ikinyesha alitua kwa uzito zaidi, kwa makusudi, ili tairi likate maji lishike lami. Likiguswa polepole juu ya maji, alisema, linateleza tu kama mtu aliyekanyaga sabuni.

Abiria hawakumpigia makofi. Thadeus ndiye aliyejua thamani yake, na kila alipokuja Voi alitusimulia habari za Kapteni Musyimi mpaka tukamchokoza kwamba amepata mke wa pili.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Aprili, mchana, Mombasa inachoma. Ndege ilitua na kutakiwa kuondoka upesi kwenda Nairobi, na Zephaniah alikuwa ameitwa ofisini. Thadeus alipita na geji chini ya bawa, jambo ambalo hata halikuhitajika, akapima tairi la nje la kushoto. Geji ilisoma juu. Aliijua sheria. Lakini alikuwa ametoka kumwona Kapteni Musyimi akipanda ngazi, akasikia watu wanasema Nairobi kuna mvua kubwa, na akaona huruma. Aliwaza kwamba tairi likiwa laini kidogo litamshikia vizuri kwenye maji. Kidole gumba kilibonyeza. Upepo ukafuka, geji ikarudi pale ilipotakiwa kuwa, na Thadeus akajisikia amemfanyia rafiki yake wema. Ndicho kinachonichoma nikifikiria habari hii. Alifanya kwa mapenzi, na kwa ujinga wetu sote.

Huko Nairobi Musyimi aliishusha ndege katikati ya mvua, kwa uzito, kama kawaida yake. Tairi lile lililolegea lilikuwa limeshajikunja na kuungua tangu kuondoka Mombasa. Liligusa chini likapasuka, vipande vikapiga bawa, ndege ikavutwa kushoto ikaacha lami na kuzama kwenye matope ya majani. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Lakini watu walipiga kelele, wengine waliumia kwa kukanyagana mlangoni, na wote waliotoka walisema neno moja: rubani ametubwaga.

Neno hilo halikumwacha tena. Kipimo cha ndani ya ndege kilionyesha kwamba iligusa chini kwa nguvu, na Musyimi mwenyewe hakukana; alieleza kwamba kwenye maji ndivyo rubani anavyotakiwa kutua. Waliomsikiliza waliona anajitetea. Wale wasiopenda kumwona kwenye kile kiti tangu mwanzo sasa walikuwa na sababu. Vijana wa kiwanja cha ndege wakamwita Kapteni Mbwaga, kwanza kisogoni, baadaye hata akiwa anasikia.

Vipande vya tairi vililetwa Mombasa. Thadeus alivipanga sakafuni mwenyewe, na alipovipanga aliona: kingo mbili zimesagika, katikati pazima. Tairi lililojaa vizuri haliliki hivyo. Alikigeuza kipande kikubwa kuliko vyote, akakilaza uso chini, mtu asizione kingo. Aliponisimulia hapo alisema kwamba kubonyeza valvu anaweza kulaumu mazoea, lakini kugeuza kile kipande hakuna wa kulaumu ila yeye.

Zephaniah aliwakusanya, akauliza kama kuna mtu aliyegusa matairi mchana ule. Wote walisema hapana. Thadeus alisema hapana. Alifikiria benchi la mbele, suruali ya mkunjo, Wakesho akiitwa Mama wa Ndege sokoni, na ulimi ukakataa. Alijiambia atasema kesho. Kesho yake walimsimamisha Musyimi kazi, na baada ya hapo kila siku iliyopita ililifanya lile neno kuwa zito zaidi kulitamka. Siku Kapteni alipokuja kuchukua vitu vyake alipita kwenye kibanda cha magurudumu kuaga. Alimshika Thadeus mkono, akamwomba awaangalie vizuri marubani vijana. Thadeus aliitikia, "Ndiyo, Kapteni," na hakuweza kula mpaka siku ya pili.

Haukupita muda akaacha kazi na kurudi Voi. Alituambia chumvi ya bahari imemharibu kifua. Kifua chenyewe ndicho kile cha kuimbia besi, tena Jumapili iliyofuata kilitikisa madirisha ya kanisa, lakini hatukuuliza. Tulidhani amefukuzwa, tukamhurumia kwa adabu, na kikombe chenye sahani nikakirudisha kabatini. Utani wake ulikuwa umekwisha. Wakesho aliniambia kwamba akisikia ndege juu, hata iwe mbali, huacha alichokuwa akifanya na kutazama chini.

Akafungua kibanda hiki kando ya mkahawa wangu. Tangu siku ya kwanza alikataa kutoa upepo kwenye tairi moto. Mimi nilidhani ni ujuzi wa kizungu.

Miaka ikapita. Ukame mmoja, nakumbuka hata nzi walikuwa wamechoka, gari aina ya Peugeot lilijikokota mpaka mbele yetu, tairi la nyuma limelala. Akashuka mtu mrefu mwenye mvi, na mwanamke mmoja nadhifu akabaki kiti cha mbele, mlango wazi, akajipepea na gazeti. Niliwapelekea chai. Thadeus alikuwa amechuchumaa akitafuta jeki. Alipoinua uso niliona umempauka.

Yule mtu naye alimtazama, kisha akamnyanyua kwa mikono miwili, grisi na yote, akamkumbatia. Alimwita mkewe amwone Thadeus, mtu wake wa kiwanjani, fundi pekee aliyeyajua matairi kama mama anavyojua watoto wake. Mkewe, aliyeitwa Syombua, alitabasamu kwa heshima. Nilitambua hapo kwamba huyu ndiye Kapteni Musyimi wa zile hadithi za zamani, nami nikapangusa benchi akae.

Aliongea bila kinyongo, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alisema siku hizi ana duka la chakula cha kuku huko kwao. Kampuni ile ilikuwa imeshafunga, wenyewe wamerudi Ulaya. Hakupata tena wa kumpa ndege. Barua zake zilijibiwa kwa upole au hazikujibiwa. Alisema bado anaitua ile ndege usingizini, anatafuta alikosea wapi, na haoni. Thadeus alikuwa akifungua nati. Ile ya mwisho ilimponyoka, akaitafuta vumbini.

Aliziba pancha, akajaza, akarudisha gurudumu. Syombua akaita kutoka garini, kama msafiri yeyote anavyoita:

"Fundi, na hizo zingine utupunguzie upepo kidogo. Zimepata moto sana."

Kapteni akacheka. "Tairi moto haiguswi, mama. Muulize Thadeus, yeye anajua kuliko mimi."

Thadeus alisimama pale na geji mkononi. Nilidhani jua limempiga, nikainuka nimletee maji.

"Kapteni," akasema, "ile tairi niliipunguza upepo mimi."

Musyimi aliliangalia gurudumu la Peugeot. "Basi si kitu, ijaze tena."

"Si hii. Ile ya ndege."

Hapo nilisimama na maji yangu mkononi. Barabara ilikuwa na kelele zake zote lakini mimi nilimsikia Thadeus tu, akisema taratibu, macho kwenye viatu vya yule mtu. Kapteni alimuuliza ni tairi la upande gani. La kushoto, la nje. Akamuuliza kama lilikuwa moto. Lilikuwa moto. Alitaka limshikie vizuri kwenye mvua.

"Zephaniah alipouliza," akasema Kapteni, "wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Musyimi alikaa kwenye tairi kuukuu tunaloliweka pale kama kiti. Hakupandisha sauti. Alitazama upande wa barabara ya kwenda Nairobi, akasema, "Enda umwambie Syombua. Miaka yote hii nimemwambia kwamba sikuibwaga. Sijui kama aliwahi kuniamini."

Kutoka pale mpaka mlango wa gari ni karibu sana, hata mtoto anayetambaa angefika. Thadeus alikwenda kama mtu anayepanda mlima wa Wundanyi na gunia. Alisimama mbele ya yule mama, akakunja mikono yake michafu nyuma, akarudia maneno yale yale, na la kuulizwa na kusema hapana akaliongeza mwenyewe bila kuulizwa. Mimi niliona aibu kwa ajili yake, na niliona aibu kwa ajili yangu pia, kwa kile kikombe chenye sahani na vichwa vyetu vilivyovimba, kwa sababu ndivyo vilivyomfunga ulimi.

Syombua hakumtukana. Ningeelewa zaidi kama angemtukana. Aliweka kikombe chini, kwenye vumbi, akampita Thadeus kana kwamba ni nguzo, akaenda kusimama mbele ya mumewe.

"Baba Katuku," akasema, "mimi nilikuwa nakuitikia tu."

Kapteni alitikisa kichwa kwamba anajua. Akamshika mkono, wakakaa hivyo, yeye kwenye lile tairi na mkewe amesimama, na mimi nikaingia ndani kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Nilipotoka walikuwa tayari kuondoka. Syombua alikuwa ameshaingia garini, uso umegeukia upande mwingine. Thadeus alisimama kando ya gurudumu alilolifunga, hajui kama asogee au akae. Kapteni Musyimi alimkaribia, akanyosha mkono. Thadeus alidhani anapewa mkono wa kwaheri. Alipangusa wa kwake haraka haraka kwenye ovaroli, mbele na nyuma, akautoa, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Kapteni alitaka geji.

Alichuchumaa vumbini na suruali yake safi, akapima lile tairi Thadeus alilotoka kulijaza, akasoma, akapima tena. Upepo ulikuwa sawa. Akamrudishia geji, akaingia garini, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo Thadeus hangoji kuombwa geji.